Jeep Iliyovutwa na Ikweta

Kwa miaka kumi na moja niliamini kwamba ikweta inavuta chuma. Sisemi nilidhani, wala sisemi nilisikia mahali. Niliamini, kama mtu anavyoamini kwamba moto unaunguza.

Aliyeniambia alikuwa shofere wa kamio, yaani lori; tuliketi naye benchi moja katika masomo ya jioni hapa Butembo. Mwalimu wetu wa jiografia, bwana mpole aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, alichora duara ubaoni, akalipitisha mstari katikati, akasema mstari huo unapita hapa hapa kwetu, huko upande wa Musienene, ndani ya mashamba ya watu. Darasa zima likalipuka kwa shangwe. Sisi! Dunia yote ilivyo pana, na mstari umechagua kupita kwenye maharagwe yetu! Ndipo shofere yule akaniinamia sikioni.

"Ndiyo maana magari ya zamani inavuta kule," akasema. "Chuma ya zamani ilitoka ndani ya mawe ya kweli. Mustari inaiita."

"Na magari mapya?"

"Mapya ni plastiki."

Nimesikiliza walimu wengi tangu siku hiyo, na maprofesa wawili kwenye redio. Hakuna aliyewahi kunijibu vizuri namna hiyo.

Halafu mimi nilikuwa na ushahidi mikononi, kila wiki. Nilikuwa shofere wa yaya yangu, dada yangu mkubwa, anayenunua viazi Musienene na kuviuza Beni. Jeep ilikuwa yake. Sisi kila gari linalovuta kwa magurudumu manne tunaliita jeep, na hii ilikuwa ya zamani hata jina la kiwanda lilikwisha kuanguka puani, yakabaki matundu mawili ya skrubu. Marehemu shemeji, mume wake, aliinunua kwa mkulima mmoja wa kahawa, akaiendesha mpaka ugonjwa ulipomlaza. Baada ya matanga yaya aliniita, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Mudogo, we uko na diplome," akasema. "Endesha."

Diplome yangu ilikuwa ya pedagojia. Mais, yaani lakini, huwezi kumsumbua mjane kwa mambo madogo.

Kazi ilikuwa hivi. Asubuhi tunapanda Musienene bila mzigo, na jeep inakwenda imenyooka kama padri anayekwenda altareni. Tunapakia viazi nyuma mpaka resori, zile springi za chini, zinalia. Shemeji, enzi zake, alikuwa na kitabia cha kuweka gunia moja mbele, chini ya miguu ya mke wake. Mimi niliona hiyo si heshima, mama mzima anasafiri magoti yakigusa kidevu, kwa hiyo safari yangu ya kwanza nililihamishia nyuma kwa wenzake. Yaya akanyoosha miguu, hakusema kitu. Kisha tunageuza pua kaskazini, kuelekea Butembo na baadaye Beni. Na papo hapo, bado tunaona paa za soko nyuma yetu, jeep inaanza kuvuta kushoto.

Si kuvuta kidogo. Ilikuwa inavuta kama ng'ombe aliyeona majani. Nilishika usukani kuume kwa nguvu zote toka mashambani hadi jua la Beni, na nikiulegeza kwa muda wa kupiga chafya tu, tayari tuko mfereji wa kushoto tunasalimiana na vyura. Ningefanya nini? Chuma cha zamani kilikuwa kinalia kurudi kwenye mstari wake. Niliwaeleza abiria. Niliwaeleza watu wa Beni, ambao walisema wao wana bahati mbaya kuishi mbali na maajabu. Siku moja nilirudi kutoka Beni nimebeba madumu ya mawese, bidoni juu ya bidoni, na jeep ikavuta kushoto vilevile, tena tukiwa bado mbali kabisa na mstari. Mtu mwenye akili angesimama pale afikiri. Mimi nilisema: leo ikweta ina nguvu.

Bega langu la kuume ndilo lililolipa. Lilipanda juu kuliko la kushoto. Fundi wa nguo alinipima shati, akanipima tena, akaniuliza kwa huruma kama nilizaliwa hivyo. Jioni nikirudi nyumbani, mkono huo haukuweza kuinua tonge la obundu, ugali wetu wa muhogo. Nilikula kwa kushoto, na mke wangu akageuza uso upande wa ukuta kwa aibu. Usingizi wenyewe ulikuwa kazi. Niliota naendesha, nikaamka nimechoka kama niliyeendesha kweli. Miaka kumi na moja ya uchovu wa namna hiyo haiishi kwa kulala Jumapili.

Siku iliyoleta maneno ilikuwa ya mvua. Tulikuwa tunashuka kilima kabla ya Beni, jeep imejaa, na mbele yetu kijana mmoja anashuka na chukudu lake, ile baiskeli ya mbao, juu yake kabichi zimepangwa kama mnara wa kanisa. Tope likateleza, jeep ikavuta kushoto, mimi nikavuta kuume, na tukampita kwa upana wa jani la sombe, jani la muhogo. Yeye aliruka mfereji. Kabichi zikabaki zinabingirika zenyewe kuelekea Beni. Hakuumia, Mungu asifiwe, na ulimi wake ndio haukuumia hata kidogo.

"We muzee!" akapiga kelele. "Kama macho iliisha, uza gari ununue fimbo!"

Tulishuka, tukaokota kabichi zake moja moja, yaya na mimi. Tuliporudi ndani ya jeep ndipo aliponena, anatazama mbele.

"Mimi nimechoka, mudogo. Siku moja tutaua mutoto wa mutu."

"Yaya, ni ule mustari…"

"Wacha mustari. Peleka gari kwa fundi, abadilishe hizi vyuma ya volant, ya usukani, yote. Kisha tutafanya safari moja. Moja tu, na mzigo. Ikivuta tena, nitaita wale wa kukata."

Wale wa kukata wako Butembo, kwenye barabara moja yenye moshi. Unawapelekea gari asubuhi, na kengele ya mchana ikilia gari limekwisha kuwa majembe, visu na mbabula za kupikia. Niliwahi kuona kamio nzima ikiondoka pale vipande vipande mikononi mwa akina mama.

Nilijua yaya hasemi bure. Nilijua vilevile ingemgharimu nini. Kila asubuhi nilipoiwasha jeep ile, uso wake ulikuwa unageuka kidogo upande wa kiti cha shofere, kama mtu anayetaka kuuliza kitu, halafu ananiona mimi. Vitu vingine vyote vya shemeji vilikuwa kimya: suti, kofia, picha ukutani. Jeep ndiyo pekee iliyokuwa bado inakohoa. Na mimi, je? Mtu wa miaka zaidi ya hamsini, bega moja liko ghorofani, mwenye diplome ambayo hakuna darasa lililowahi kuiita. Jeep ikikatwa, nitaendesha nini?

Fundi wetu ni mzee wa maneno machache, miwani yake imefungwa kwa waya wa umeme. Anafanyia kazi kwenye mteremko, ili gari lisilowaka liweze kuondoka kwake bila kusukumwa. Aliingia chini ya jeep akalala chali, akaniamuru nizungushe usukani kushoto, kuume, kushoto.

"Bado unazungusha?" akauliza kutoka chini.

"Nazungusha, muzee!"

"Huku magurudumu imelala."

Akanivuta nami nilale pembeni yake nione. Juu yetu kulikuwa na chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, kile wanachokiita barre. Kilikuwa chembamba, kimekunjwa na mawe na kunyooshwa kwa nyundo mara nyingi hata kimekuwa kama mkono wa mtu aliyevunjika akatibiwa na jirani. Kila mwisho wa chuma kuna rotule, kichwa cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chake kama nyonga inavyocheza. Alishika moja kwa vidole viwili akaitingisha. Ilicheza kama jino la mtoto wa miaka saba.

Kisha akanionyesha chuma cha pili, kifupi, kinachotoka kwenye usukani kwenda gurudumuni. Hicho kilikuwa kimeshuka mno, kimeinama kama ngazi ya kupandia ghalani.

"Na hii ndiyo inakupiga," akasema. "Angalia namna inainama. Gari ikijaa huku nyuma…"

"Muzee, ngoja nikueleze," nikamkata. "Hapa si mambo ya kujaa. Unajua ikweta?"

Nikamweleza, tumelala chali wote wawili, matone ya mafuta yanatudondokea. Nilimweleza duara la ubaoni, chuma cha zamani, plastiki, na hata siku ya mawese. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka taa mkononi mwangu.

"Diplomé," akasema, "shika taa."

Kazi ilichukua siku tatu, na kwa kweli ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Alitoa barre nene kwenye kamio iliyokufa, nene kama mkono wangu wa enzi za ujana, akaikata, akaitia meno ya skrubu kila mwisho. Rotule zilikuwa za kamio vilevile, kila moja kama ngumi ya bondia. Lakini jambo kubwa halikuwa unene. Alifua mikono miwili ya chuma, akaifunga juu ya magurudumu, ili barre mpya ipite juu ya resori badala ya kupita chini ambako mawe yanaipiga. Na kile chuma kifupi, kilichokuwa kinainama kama ngazi, sasa kililala, kimenyooka kama mtu aliyeshiba. Nilizungusha usukani kwa kidole kimoja, na magurudumu yakaitika palepale. Nusura nilie. Bega langu lilikuwa halijawahi kusikilizwa haraka namna hiyo.

Mwishoni alifanya jambo ambalo nilikuwa nimeliona kwa mafundi wengi ila sikuwahi kulijali. Alichukua kijiti cha eukaliptusi kilichomenywa, akapima kati ya magurudumu ya mbele kwa upande wa mbele, akachonga alama. Akapima kwa upande wa nyuma wa magurudumu yale yale, akachonga alama ya pili. Akaizungusha barre kidogo kidogo, kwani ukiizungusha inarefuka au inafupika, akapima tena, mpaka mbele pakawa pafinyu kuliko nyuma kwa unene wa njiti ya kiberiti. Hapo akafunga nati, akafuta kijiti kwa shati lake. Nilinyoosha mkono nikipokee. Akampa yaya.

"Mama, hii ukae nayo wewe," akasema. "Huyu anafikirifikiri sana."

"Wasingya, papa," yaya akashukuru, akakiingiza kwenye kikapu chake, kati ya mwavuli na rozari.

Sasa nikiri. Kesho yake, mchana, jeep imesimama nyumbani kwangu inasubiri safari yake moja, nilikaa kwenye kivuli chake nikafikiri. Fundi ni bingwa, hakuna ubishi. Mais fundi hakwenda shule ya jiografia. Ameyaweka magurudumu sawa kwa Butembo. Hakuyaweka sawa kwa mstari. Tukipakia Musienene, chuma hiki kipya, tena kinene, ikweta itakivuta mara tatu zaidi. Yaya atasikia kimevuta, ataita wale wa kukata, na yote yatakuwa kwa kosa la mtu aliyejua na kunyamaza. Donc, basi, nilichukua ufunguo wa nati, nikailegeza, nikaizungusha barre mara mbili nzima, ili gurudumu la kuume lielekee kuume kidogo, lipambane na mstari kwa niaba yangu. Nikafunga. Nikatazama kwa jicho, sikuona tofauti. Niliosha mikono kwa sabuni, nikajiona nimefanya kazi ya injinia.

Safari ile, Mungu wangu.

Kupanda Musienene tu, bila kitu ndani, jeep ilikuwa inayumba. Nilijiambia chuma kipya kina haya, kitazoea watu. Tukapakia. Tukageuza pua kaskazini, nami nikakaza bega langu la kuume kungoja mvuto wa kushoto. Haukuja. Kikaja kitu kibaya zaidi: jeep ikawa haina upande. Inakwenda kushoto, unaishika. Kabla hujaishika vizuri imekwenda kuume. Unaifuata kuume, imeshabadili nia. Zamani nilichoka bega moja, na sasa nilichoka yote mawili, shingo, meno, na nyusi. Toka Butembo mpaka tulipoanza kushuka kwenye joto, niliuzungusha usukani ule mara nyingi kuliko mwanamke anayesonga ugali wa harusi. Yaya alishika mkanda wa mlango kwa mikono miwili. Ningependa angesema hata tusi.

Kwenye kizuizi, askari mmoja aliyekuwa ametutazama tangu mbali alikuja dirishani anacheka.

"Papa chauffeur," akaniuliza kwa Kilingala chake, "motuka na yo elangwi?"

Yaani gari lako limelewa? Nilitaka kumjibu vizuri, mais sikuwa na nguvu ya kuchekesha mtu. Siku nikikosa nguvu hiyo, ujue nimefika mwisho.

"Iko nachoka, chef," nikasema. "Sisi wote."

Tuliteremsha magunia Mavivi, nje kidogo ya Beni, kwa mama mmoja mnunuzi wa siku nyingi. Kulikuwa na joto, na harufu ya mpira ulioungua ilikuwa imetufuata kama mbwa wa jirani. Yaya alizunguka akasimama mbele ya jeep. Tairi za mbele, zilizotoka Butembo na meno yao, zilikuwa zimelika kingo, zimetoa nyuzi nyuzi kama kitambaa kilichochanwa. Alipitisha kiganja juu yake, akatazama vumbi jeusi lililobaki.

"Basi," akasema taratibu. "Nimeona. Nitaita wale wa kukata."

Nilikaa juu ya gunia tupu. Yeye akatoa simu kumtafuta fundi, nadhani ili kwanza amwambie yaliyokuwa moyoni. Halafu akasita. Yaya ni mtu wa soko. Hagombani na mtu juu ya gunia kabla hajalipima. Akarudisha simu, akatoa kijiti cha eukaliptusi kikapuni, akakunja kitenge, akapiga magoti mavumbini mbele ya gari la mume wake.

Alipima mbele. Akapima nyuma. Akarudia mbele. Alama haikukaa. Mbele palikuwa papana kuliko nyuma, tena si kwa njiti ya kiberiti, kwa kidole kizima na zaidi. Magurudumu yalikuwa yanatazama nje, kila moja upande wake, kama miguu ya bata.

"Nani aligusa?"

Mama mnunuzi akaona kazi ya kufanya ndani ya nyumba. Nilibaki peke yangu na swali.

"Mimi, yaya."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ikweta."

Alinitazama muda mrefu, kijiti mkononi. Nimetazamwa na makomanda, na watahini wa diplome, na mama mkwe. Hakuna hata mmoja aliyenitazama hivyo. Nilisubiri kelele.

"Uliizungusha mara ngapi?"

"Mbili."

"Rudisha mbili."

Niliingia chini. Udongo wa Beni ulikuwa wa moto mgongoni, nami nikalegeza nati. Niliirudisha mara mbili. Yaya akapima, akasema bado, nusu ya robo, nikarudisha, akapima. Kijiti kikakaa kwenye alama zake bila kusukumwa. Nikafunga nati na kubaki nimelala pale, kwa sababu kusimama kulikuwa mbali.

"Inuka," akasema. "Pakia."

"Nipakie nini?"

"Mawese. Ndizi. Ile mchele. Tujaze kama vile tunajazaka."

"Yaya, na tairi hizi? Si turudi bila mzigo, pole pole…"

"Jaza, mudogo. Yote nyuma."

Tukaweka tairi la akiba upande mmoja, na lile lililolika kidogo upande mwingine. Tukapakia mpaka resori zililia wimbo wao wa zamani, nyuma ikaketi, pua ikatazama mbinguni. Nilipanda, nikakaza bega, nikawasha. Uso wa yaya ukageuka kidogo upande wangu, kama siku zote, ukarudi mbele.

Jeep ikanyooka.

Mwanzoni sikuamini, nikaendelea kuvuta kuume kwa mazoea, tukaenda kuume. Nikalegeza. Ikanyooka tena. Tulipanda vilima vyote, tukapita kizuizini yule askari akatupigia saluti ya dhihaka, tukapita kwenye tope, kwenye mashimo ambayo ng'ombe wawili wangeweza kuoga bila kugusana. Usukani ulikaa mikononi mwangu mtulivu kama kikombe cha chai. Ajabu ni kwamba uchovu haukuondoka. Ulishuka tu wote kwa mkupuo, uchovu wa miaka kumi na moja, kama mgeni aliyesikia kwamba sasa anaweza kukaa. Macho yalinitoka machozi, nikasingizia vumbi.

Kuingia Butembo kutoka kule, njia yetu inapita karibu na ile barabara ya moshi. Nilisikia nyundo zao toka mbali. Nilipunguza mwendo, nikapunguza tena, nikawa karibu kusimama, maana amri ilikuwa yake na sikutaka anilaumu kwamba nilikimbia.

Yaya akanigeukia.

"Unapunguza mwendo juu ya nini?"

"Nilifikiri…"

"Wacha kufikiri. Kesho soko ya Musienene, na mawese iko nyuma. Pita."

Nilipita. Sijui nilibadilisha gia ipi.

Kesho yake asubuhi tukapanda kuelekea Musienene na mzigo wote. Ilikuwa mara ya kwanza kuupanda mlima ule tumejaa, na nilikuwa naijua kona ambapo, kwa hesabu zangu, mstari unapita: baada ya mikaratusi, kabla ya shamba la viazi lenye nyumba ya bati. Tulipofika pale nilifungua vidole vyote kumi, nikaacha usukani uamue wenyewe. Jeep ikapita katikati ya dunia bila hata kugeuza shingo.

"Yaya," nikasema, "leo ikweta imelala."

Hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia tangu matanga:

"We uliamini kweli?"

"Kweli kabisa."

"Miaka hii yote? Mi nilifikiri uko nachekesha batu."

Nilitazama barabara. Yeye alitazama chini, miguuni pake, mahali palipokuwa patupu.

"Unakumbuka lile gunia ya marehemu, hapa mbele? Alikuwa ananiambia, mama, ukae nayo, pua ya gari ishuke. Ulipoitoa, sikusema kitu. Miguu ilikuwa imechoka, na kuiona bila yeye pia ilikuwa imenichosha." Akanyoosha mkono, akanigusa bega la kuume, lile la juu. "Ikweta hapana vuta kitu, mudogo. Mzigo ikijaa nyuma, pua inapanda, ile chuma fupi inageuza gurudumu. Fundi alitaka kukuambia, ukamukata, akaniambia mimi. Ilikuwa viazi tu."